Mapipa tisa ya maji kwa pipa moja la mafuta: mbona hawafungi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Sahare, Tanga, baharia kwenye meli inayohudumia majukwaa ya mafuta Bahari ya Kaskazini. Tunatokea Aberdeen. Jukwaa tunaloliendea mara nyingi limenizidi umri, lilianza kutoa mafuta miaka ya sabini. Watu wa huko juu wanasema siku hizi visima vinatoa mapipa tisa ya maji kwa pipa moja la mafuta. Sasa mbona hawafungi? Tena mwaka huu ndiyo kwanza wanachoronga visima vipya. Halafu kuna kontena tunalirudisha bandarini lina alama ya mionzi, nikiuliza naambiwa ni uchafu wa mabomba tu. Mkataba wangu umebakiza miaka miwili na mama anataka kujua kama nianze kujenga. Na haya mafuta ya kwetu Chongoleani, Tanga, nayo yatafika huko? Nikirudi nitakuletea kipande cha huo uchafu wa bomba ukione.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenitwisha mzigo wa maswali kwa salamu moja, lakini yote yana shina moja, kwa hiyo nivumilie nianzie chini.

Watu wengi hudhani chini ya bahari kuna ziwa la mafuta: unatia mrija, unavuta, likikauka unafunga virago. Hakuna ziwa. Mafuta yamo ndani ya jiwe. Ukiwa nyumbani okota kipande cha tumbawe kikavu pale ufukweni, ukitumbukize kwenye ndoo ya maji, uinamie utazame. Kitatoa mapovu madogo madogo kwa muda. Hiyo ni hewa iliyokuwa imejibanza kwenye vitundu, na sasa maji yameingia yakaisukuma nje. Mwamba wa mafuta ni hivyo hivyo, isipokuwa uko kilomita mbili tatu chini ya sakafu ya bahari, na umebanwa na uzito wa kila kilicho juu yake.

Kisima kikiwa kipya, presha hiyo ya chini hupandisha mafuta yenyewe bila kubembelezwa. Lakini kila pipa linalotoka hupunguza presha iliyobaki. Ukiachia tu, baada ya miaka michache kisima kinakohoa, kisha kinanyamaza, na sehemu kubwa ya mafuta bado iko palepale. Ndiyo maana kwenye mashamba mengi ya mafuta ya baharini huchorongwa visima vya aina mbili: vya kutolea mafuta, na vya kuingizia maji. Maji ya bahari husafishwa, huondolewa hewa ya oksijeni ili yasile chuma, kisha husukumwa chini kwa pampu kubwa ili yashike nafasi ya mafuta yaliyotoka na kuyasogeza mengine kuelekea visima vya kutolea. Kwa hiyo hayo mapipa tisa unayoyasikia, mengi hayakuvamia. Yalikaribishwa, na yamekuwa yakiingizwa kwa makusudi tangu kabla hujazaliwa.

Mama yako analijua jambo hili kuliko wahandisi wengi niliofanya nao kazi. Muulize anavyokamua tui. Nazi ikishakunwa, tui la kwanza hutoka zito, maji kidogo tu. Kisha machicha hurudishwa kwenye bakuli, yanamwagiwa maji, yanafinyangwa, yanakamuliwa tena kwenye kifumbu: tui la pili. Halafu la tatu, jepesi, la kuchemshia mchele. Hakuna anayemwuliza mbona unatia maji kwenye nazi. Na anapoyatupa machicha, yachukue uyasugue kwa vidole: bado yana mafuta. Hakuacha kwa sababu nazi imeisha. Ameacha kwa sababu mkono umechoka na kinachotoka hakilipi tena ule uchovu.

Mashamba ya mafuta nayo hufungwa hivyo, na hata Norwei, ambao ni miongoni mwa wanaokamua vizuri kuliko wote duniani, wastani wao ni karibu asilimia 47 ya mafuta yaliyomo. Zaidi ya nusu hubaki kwenye jiwe. Kwingine hali ni duni kuliko hapo.

Mfano wa nazi una mahali unapogoma, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Machicha unaweza kuyageuza mkononi, mwamba huwezi. Maji ni mepesi wa kutembea kuliko mafuta, nayo yakishapata njia moja rahisi kutoka kisima cha kuingizia hadi kisima cha kutolea, hupita hapo hapo kila siku kama watu wanaokatiza uwanjani mpaka majani yanakufa. Pembeni ya njia hiyo kuna mifuko ya mwamba ambayo maji hayakuigusa kabisa. Unapoambiwa kisima kinatoa asilimia 90 ya maji, usielewe kwamba chini imebaki asilimia 10 ya mafuta. Maana yake ni kwamba kisima hicho, kwa pale kilipo, kinakunywa kwenye njia ya maji.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayofunga jukwaa. Chukua mfano wa jukwaa linaloweza kupitisha mapipa 100,000 ya majimaji kwa siku, maji na mafuta pamoja. Pipa moja ni lita 159. Maji yakiwa asilimia 90, mafuta ni mapipa 10,000. Tuseme kuendesha jukwaa hilo, yaani watu, helikopta, meli yenu, matengenezo, kemikali, nishati, ni dola 400,000 kwa siku. Kila pipa limegharimu dola 40. Bei ya soko ikiwa 70, wanapumua. Sasa maji yapande yawe asilimia 95. Ukisikia tano tu utadhani ni jambo dogo, lakini mafuta yamekuwa mapipa 5,000, gharama haikushuka hata senti, na pipa sasa ni dola 80. Jukwaa limeshakufa, ingawa visima vyote vinatiririka. Tena kodi sijaigusa: Uingereza tangu Novemba 2024 jumla ya kodi kwenye faida ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini ni asilimia 78.

Kwa hiyo mhandisi wa shamba kuukuu huamka akiwa na vita mbili, maji na gharama. Mojawapo ya mbinu zake wageni huishangaa: anaongeza mafuta kwa kufunga kisima. Jukwaa lilijengwa likitarajia mafuta mengi na maji kidogo. Sasa mambo yamepinduka, na kinachobana ni separeta, yale matangi ya kutenganisha, na mitambo ya kusafisha maji kabla ya kuyarudisha baharini. Kule kwenu maji hayo hayaruhusiwi kuwa na wastani wa zaidi ya miligramu 30 za mafuta kwa lita. Nafasi ikiwa imejaa, kisima kinacholeta mapipa 10,000 kwa siku yenye maji asilimia 97 kinakupa mafuta 300 tu huku kimekalia nafasi ya wengine. Kifunge, ufungulie kwa nafasi ileile kisima kilichokuwa kimebanwa chenye maji asilimia 85, unapata 1,500. Niliwahi kukaa kikao cha saa tatu ambamo mkuu wa jukwaa alikataa katakata kufunga kisima kimoja kwa sababu kilikuwa ndicho kilichotoa mafuta ya kwanza, na kina picha yake ukutani kantini. Tulikifunga wiki iliyofuata. Picha waliiacha.

Mbinu nyingine ni gesi. Nguzo ya maji ndani ya bomba la kisima ni nzito kuliko nguzo ya mafuta, kwa hiyo kadiri maji yanavyozidi, presha iliyobaki inashindwa kuinua mzigo. Basi gesi husukumwa chini kupitia nafasi iliyo kati ya bomba la nje na la ndani, inaingia kwenye majimaji kupitia vali ndogo, inayajaza mapovu, yanakuwa mepesi, yanapanda. Lakini gesi nayo hupungua shamba linapozeeka, na ni hiyohiyo inayoendesha majenereta ya umeme. Ikipungua sana jukwaa huanza kuchoma dizeli. Ukiona miezi ya karibuni mnapeleka dizeli kuliko zamani, huo ni ugonjwa unaouona wewe kabla ya mhasibu.

Na visima vipya? Hapo nikupe mfano wa Forties, shamba lililogunduliwa na BP mwaka 1970, likaanza kutoa mafuta 1975. Kileleni, mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, lilikuwa likitoa karibu mapipa nusu milioni kwa siku. Kufikia 2003 lilikuwa limeshuka hadi sehemu ndogo sana ya hiyo, na BP wakaliuza kwa Apache ya Marekani. Wengi walidhani mnunuzi amenunua chuma chakavu. Apache walichofanya ni kurudia kupiga picha ya mwamba. Mitetemo hutumwa kutoka juu ya bahari, mwangwi hurudi, na mwamba wenye maji hurudisha mwangwi tofauti kidogo na wenye mafuta. Ukipiga leo, ukalinganisha na picha ya miaka kumi nyuma, unaona maji yamefika wapi. Pale ambapo palipaswa kubadilika na hapakubadilika, hapo mafuta hayajaguswa. Walichoronga zaidi ya visima mia moja kwa kufuata ramani za namna hiyo, vingi vikiwa vya kutokea ubavuni: unaingia kwenye kisima cha zamani kilichochoka, unaziba chini, unatoboa ukuta wake katikati na kuelekea pembeni kwenye mfuko uliosahaulika. Hulipi tena ile safari yote ya kutoka juu. Wachorongaji unaowaona jukwaani kwenu, naamini ndiyo kazi yao.

Hadithi ya Forties haikuishia kwenye shangwe, nisikudanganye. Mwaka 2024 Apache walitangaza kwamba watasitisha uzalishaji wao Bahari ya Kaskazini kabla ya 2030, na kodi niliyoitaja ikatajwa miongoni mwa sababu. Lakini ni miaka ishirini na zaidi ya uhai ambayo wengi hawakuitegemea.

Ekofisk ya Norwei ndiyo ninayoipenda kuisimulia, kwa kuwa mwamba wake ni chokaa, ndugu wa mbali wa mawe ya mapango yetu ya Amboni. Ilianza 1971, na hesabu za mwanzo zilisema watatoa asilimia 17 hivi ya mafuta yaliyomo. Katikati ya miaka ya themanini mtu akagundua kwamba jukwaa linazama. Halikuwa limetoboka: sakafu yenyewe ya bahari ilikuwa ikishuka, maana mafuta yakitoka na presha ikipungua, chokaa laini ilikuwa inajifinya. Mwaka 1987 walikata miguu ya majukwaa, wakayainua kwa jeki za haidroliki, wakaunga vipande vya mita 6. Mwaka huohuo wakaanza kuingiza maji kwa wingi. Leo Ekofisk inatarajiwa kutoa zaidi ya nusu ya mafuta yake. Ulizia asilimia 17 ilikwendaje kuwa 50, jibu ni hayo maji unayoyaona kama balaa.

Brent, shamba lililoipa jina bei ya mafuta tunayoisikia redioni, walichukua njia ya kinyume. Miaka ya tisini walibadilisha mitambo, wakaacha presha ishuke kwa makusudi ili gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta yaliyobaki itoke yenyewe, wakalifanya shamba la gesi. Likaendelea mpaka 2021.

Kontena lako sasa. Uliyemwuliza hakukudanganya, ila amekupunja. Ni uchafu wa mabomba kweli. Umeliona birika la nyumba inayotumia maji ya kisima, ndani lina ukoko mweupe mgumu? Maji ya bahari yana salfeti. Maji ya asili ya mwambani mara nyingi yana bariamu. Kila moja peke yake ni mtulivu. Yakikutana kwenye kisima hugeuka jiwe papo hapo, jiwe ambalo hata asidi hailiyeyushi. Niliwahi kushika kipande cha bomba la kisima kilichokatwa, upana wa ndani kama kikombe cha chai, na tundu lililobaki katikati lilikuwa la kidole gumba. Shida ni kwamba mwamba una chembe kidogo za radiamu, yenye mionzi ya asili, na radiamu hujiunga na bariamu kama ndugu. Ukoko ukijijenga miaka, mionzi yake inapimika.

Kusimama karibu na kontena lililofungwa si jambo la kukunyima usingizi. Chuma huzuia sehemu ya mionzi, na kiasi chenyewe si kama cha mashine ya hospitali. Hatari ni vumbi lake kuingia mwilini, puani au mdomoni. Kwa hiyo usilifungue, usilikalie ukila mkate, likivuja mtoe taarifa, na unawe mikono. Na uombe kuona hati yake. Kama baharia unayebeba mzigo, ni haki yako kujua umebeba nini.

Hukuuliza, lakini ningekuwa mtu mbaya nisipokwambia. Shamba lililoingizwa maji ya bahari kwa miaka mingi huota bakteria wanaokula ile salfeti na kutoa gesi ya H2S, yaani haidrojeni salfidi, yenye harufu ya yai viza. Watu huambiana ukisikia harufu, kimbia. Ni kweli nusu. Gesi ikizidi kiasi, kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi, harufu inapotea, na wewe unadhani imeondoka. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini: kwenye matangi, kwenye ngama, kwenye chumba cha pampu. Mnapopokea maji machafu kutoka jukwaani kwenye matangi yenu, kifaa cha kupimia kiwe kifuani kila mara, na mwenzako akianguka ndani ya tangi usimfuate bila mtungi wa hewa. Wanaokufa mara nyingi ni wawili: aliyeanguka na aliyemwokoa.

Kuhusu mkataba: jukwaa halifungwi usiku mmoja. Uingereza kusitisha uzalishaji kunahitaji idhini ya mamlaka, na maandalizi huanza miaka kabla. Wewe una nafasi nzuri kuliko wengi ya kuona, kwa kuwa kila kitu kinapita mgongoni mwa meli yako. Mabomba ya kuchorongea na matope ya kuchorongea yakiendelea kupanda, wana nia ya kuishi. Yakikoma, na badala yake mkaanza kubeba saruji ya kuzibia visima na vifaa vya kukatia chuma, mnaelekea mwisho. Ila kwa meli ya huduma mwisho huo nao ni kazi, tena ndefu: kila kisima huzibwa kwa saruji kimoja kimoja, kisha majukwaa huondolewa. Sehemu ya juu ya Brent Delta, tani kama 24,000, ilinyanyuliwa kwa mkupuo mmoja mwaka 2017 na meli Pioneering Spirit, lakini jukwaa hilo lilikuwa limeacha kutoa mafuta tangu 2011. Miaka sita katikati, na bado meli zilikwenda na kurudi. Mwambie mama aanze msingi. Mkopo wa kumalizia paa ndio usiuchukue mpaka usaini mkataba mwingine.

Chongoleani tofauti yake ya kwanza ni kwamba pale hakuna kisima. Ni mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na mafuta yenyewe yako Uganda, nchi kavu, kando ya Ziwa Albert, yaliyogunduliwa 2006. Uzee wa visima hivyo ulifikiriwa mapema. Mpango wa Tilenga pekee, mmoja wa miradi ya mafuta ya huko Uganda, una visima zaidi ya 400, na vingi kati ya hivyo ni vya kuingizia maji tangu mwanzo. Yaani tui la pili limepangwa kabla la kwanza halijakamuliwa. Maji yao yatapanda kama ya kwenu. Yatatenganishwa hukohuko, hayatafika Tanga.

Kitakachofika Tanga ni upungufu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo sababu bomba linapashwa moto lisishuke chini ya nyuzi 50 hivi njia nzima. Bomba lenye uwezo wa mapipa 246,000 kwa siku litakapokuwa likipitisha robo yake, joto litahitajika lilelile, walinzi walewale, gati lilelile, na gharama hiyo itagawanywa kwa mapipa machache. Ni hesabu ileile ya dola 40 na 80, imelazwa chini kilomita elfu moja mia nne. Nyumbani tumeshaonja kidogo kwa upande wa gesi: Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004, na presha yake imeshashuka hadi kuhitaji kufungiwa kompresa, yaani mashine ya kuibana na kuisukuma gesi.

Ukirudi likizo pita Raskazone tunywe kahawa. Umeandika mwishoni mwa barua kwamba utaniletea kipande cha ule uchafu wa bomba nikione. Nakushukuru, nimeviona vya kutosha. Niletee biskuti za Scotland.